Mpokea Maziwa

Nilirudi Mushaki na cheti cha gestion, yaani uongozi wa biashara, kutoka Goma kikiwa ndani ya bahasha ya plastiki, nimekikumbatia kifuani njia nzima juu ya pikipiki. Miezi mitatu ya mafunzo. Ningependa kusema kosa lilikuwa ndani ya bahasha ile, lakini nisikisingizie cheti. Kosa lilikuwa kichwani mwangu, cheti kilinipa ujasiri tu.

Wafugaji kumi na tisa wa kilima chetu walikuwa na chumba cha kutengenezea jibini kando ya barabara. Kila asubuhi walishuka na bidoni zao za maziwa. Sisi tuliyapasha moto, tukayagandisha, tukayakamua maji, tukapanga jibini kwenye mbao zikomae. Mteja wa maana alikuwa mmoja, Émile, mwenye duka Goma, na alishasema wazi kwamba akipelekewa jibini mbovu mara moja, hatutamwona tena. Bila yeye tungefunga. Kila mtu pale alilijua hilo.

Wakanichagua mimi, Verdiane, niwe meneja wao wa kwanza. "Tulisomesha mutoto, sasa atuongoze," alisema Papa yangu, Twizeyimana, mbele ya mkutano mzima. Alitabasamu siku ile kuliko siku niliyomwona akitoa mahari ya kaka yangu.

Tulifundishwa kwamba kuongoza biashara ni mambo manne: kupanga, kugawa kazi, kuongoza watu na kukagua. Hata leo sipingi. Nilichora mchoro mkubwa wa kazi, kila mtu na kisanduku chake, nikaubandika ukutani. Viateur kwenye moto. Victorine kwenye chumvi. Nilipofika kwa Mama Mukandori kalamu ilisimama.

Mama Mukandori alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, na kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni. Alipokea kila bidoni kwa mikono miwili, akainusa kidogo huku akiuliza habari za nyumbani, akashukuru, akaiingiza ndani. Basi. Wengine walitoka jasho kwenye sufuria, yeye alisalimia watu. Niliona kazi hiyo ingefanywa na kigoda.

Nikaanza kukagua. Nilipima maziwa yanayoingia mlangoni, nikapima yanayofika kwenye sufuria. Kila wiki lita kumi, wakati mwingine kumi na tano, zilipotea katikati. Na katikati palikuwa na mtu mmoja tu.

"Mama, maziwa ingine inaendaka wapi?" nilimuuliza.

"Inaenda kwenye inapaswa kwenda."

"Unapelekaka kwako?"

"Hapana."

"Sasa ile inayopotea, ni ya nani?"

Aliinua bidoni tupu, akaisogeza kando. Nilimuuliza tena, mara hii wote wakisikia, naye akatazama mikono yake. Nikamwambia kazi yake haimo kwenye mchoro. Sikumwita mwizi. Sikuhitaji, waliokuwepo walimalizia wenyewe. Alikunja kitenge alichokuwa akikalia, akaaga kila mtu kwa jina, hata mimi, akapanda kilima polepole. Niliona haya kidogo, kisha nikaenda kupima sufuria.

Mahali pake nilimweka Naomie, jirani yangu, mama mwenye akili na mwandiko mzuri. Nilimpa kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, na karatasi mlangoni: maziwa ya ng'ombe aliyedungwa dawa hayapokelewi mpaka zipite siku saba, maana dawa huharibu jibini. Kwa herufi kubwa.

Sasa, kwetu maziwa hayakataliwi. Mtu akikuletea maziwa ukayarudisha, umemwambia kwamba nyumba yake huijui tena. Nimeona uchumba ukivunjika kwa kikombe kimoja. Nililijua hilo tangu utotoni, ila nilidhani karatasi itakataa kwa niaba yetu.

Jumatatu moja ng'ombe wa Papa, Bihogo, alivimba kiwele. Daktari wa mifugo akamdunga sindano. Jumatano Naomie akaniita kwa cheo changu, kama wote walivyozoea.

"Gérante, kuya kwanza. Ni Papa yako."

Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika bidoni kwa mikono miwili. Nyuma yake walipanga foleni watu wanne, wanatazama.

"Bihogo iko anapona," alisema. "Leo nilikamua mingi."

Karatasi ilikuwa pale, sentimita chache kutoka sikio lake. Papa hajui kusoma. Nilifungua mdomo, na nilichokiona ni uso wake siku ya mkutano. Nikapokea. Kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa.

"Niweke wapi?" Naomie aliuliza kwa sauti ya chini.

Kwangu kila kilichoingia mlangoni kilipaswa kufika kwenye sufuria. Mimi mwenyewe nilitaka vipimo vilingane.

"Weka mu sufuria," nikasema.

Wale wanne waliona. Kuanzia kesho yake, kila mwenye ng'ombe mgonjwa alijua mlango uko wazi, na ningemkataa nani baada ya kumpokea Papa? Vipimo vyangu vililingana vizuri sana, sikupoteza hata lita moja. Wiki ya tatu jibini zilianza kuvimba juu ya mbao, zikapasuka, zikanuka. Zilizokuwa zimeshapelekwa Goma zilivimbia dukani kwa Émile. Alinipigia simu. Hakugomba. Alisema pole, akasema hatarudi, na hakurudi. Kabla mwezi haujaisha tulitia kufuli.

Ndipo nikaenda kwa Mama Mukandori. Alinipa kiti, akanipa uji.

"Nilikuwa napokea ya bote," alisema. "Ile ya mubaya, nilikuwa naimwanga nyuma, mu shimo ya samadi. Hakuna mutu alipata haya."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Uliniuliza ni ya nani. Ningesema, ungejua nani anajua ng'ombe yake iko mugonjwa, na analeta tu. Papa yako iko kati yabo, mutoto wangu."

Nililia mbele yake bila aibu. Nikamwomba arudi.

"Nirudi wapi?" alisema. "Kuko kufuli."

Papa hajui mpaka leo kwa nini tulifunga. Anadhani ni mambo ya barabara, na barabara yetu imeshabeba lawama nyingi, inaweza kubeba na hii. Kiwele cha Bihogo hakikupona sawasawa. Kwa kuwa chumba kimefungwa, Papa ananiletea maziwa nyumbani kwangu, kila asubuhi, kwa miguu.

"Maziwa iko je, gérante?" Bado ananiita hivyo.

Ninayapokea kwa mikono miwili. Nayanusa kidogo huku nikimuuliza habari za magoti yake.

"Iko muzuri, Papa. Aksanti."

Nasimama mlangoni mpaka aipite nyumba ya Naomie na nisiuone tena mgongo wake. Kisha nazunguka nyuma, nayamwaga.