Jina la Muhonja

"Kaa hapo kwa hilo jora, Mama Wesonga, nimalize kwanza na watu wenye pesa," Nurto alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anavyosema mvua itanyesha.

Nabalayo akakaa. Jora lilikuwa la kitambaa kizito cha mapazia, rangi ya mchuzi, nalo likambonyea polepole kama godoro la ugenini. Duka hilo la Eastleigh halikuwa pana. Ukinyoosha mikono umegusa kuta zote mbili. Nje, kwenye ujia wa ghorofa ya pili, wabeba mizigo walipita wakipiga kelele, "Mathe, songa! Mzigo haina breki!"

Maneno aliyapanga tangu asubuhi. Nimekuja unipunguzie. Sisemi unisamehe, nasema unipunguzie. Yalikuwa maneno mazuri alipokuwa akifunga mlango wake kule Tassia. Sasa alianza kuyapanga upya.

Kazi yake ni kushona mapazia. Kwa miaka mitatu alichukua kitambaa kwa Nurto mali kwa kauli: unachukua leo, unalipa ukiuza, hakuna karatasi, ni mdomo na uso wako. Akamshonea mama mmoja aliyehamia nyumba mpya mtaa wa Fedha, madirisha saba, sebuleni kitambaa juu ya kitambaa. Akapima, akakata, akashona mpaka mgongo ukawa kama fimbo, akapanda kiti akatundika mwenyewe. Yule mama akashika kiuno akasema, "Hapo sasa nyumba imekuwa nyumba. Nitakutumia kwa simu jioni." Jioni ile haijafika mpaka leo. Nabalayo aliporudi kuuliza, bawabu alimcheka kidogo, si kwa dharau. "Huyo? Alihama alfajiri, mama. Hata landilodi anamtafuta." Kumbe mdaiwa amemkimbia mdaiwa.

Jumamosi chache akamlipa Nurto elfu mbili kwa wiki, kama walivyokubaliana. Halafu akashindwa. Halafu akaanza kujificha. Simu ya Nurto ikilia, anaigeuza kifudifudi. Uzi akawa ananunua Gikomba, asije akapita First Avenue, njia ya duka la Nurto, akaonekana. Hakuwa na nia ya wizi, la. Ni kwamba kwao, kule Bungoma, alilelewa akiambiwa mtu haendi kwa watu mikono mitupu; bora ukae kwako mpaka upate angalau kikombe cha unga. Basi alingoja apate kitu. Kitu hakikupatikana.

Wateja walipoondoka, Nurto alimimina chai ya maziwa kutoka kwenye thamosi, akamwekea juu ya kiti.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natafuta, Mama Abdi."

"Sikukuuliza pesa. Nimekuuliza wewe."

"Ningekujaje mikono mitupu?"

"Mikono mitupu!" Nurto alipiga paja lake. "Hapa kuna watu nawadai laki na zaidi. Wanakuja kila siku, wanakunywa chai yangu, wananiambia 'leo hakuna', wanaenda. Wallahi nalala usingizi. Wewe hukuja hata kuniambia hakuna. Mtu asiyekuja kusema hakuna, huyo kwetu amekimbia."

Nabalayo aliangalia utando uliokuwa ukijikunja juu ya chai. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu anaweza kwenda kwa anayemdai akapeleka uso tu.

"Nimekuja unipunguzie," alisema. "Nilipe mia tano kwa wiki. Nikose, nisikose, mia tano."

"Mia tano! Deni litaisha mimi nimezikwa na wewe umeota meno mapya."

"Ndicho kinachobaki. Siku hizi ni zipu na kupunguza suruali za watu. Nikitoa elfu mbili nitakula cherehani."

Nurto alizungusha pete kidoleni. Alikuwa mwanamke wa kusimama tangu asubuhi, na miguu yake ilikuwa imevimba kama ya Nabalayo mwenyewe.

"Haya," alisema mwishowe. "Mia tano nakubali."

Mabega ya Nabalayo yakashuka. Kumbe ni rahisi hivi.

"Lakini Muhonja abaki vile alivyo."

"Muhonja amefanya nini?"

Nurto alimtazama kama mtu anayetazama kipofu. "Nani alikuleta hapa?"

Ni Muhonja. Muhonja anayeuza mashuka karibu na geti la Fedha, waliyekuwa wakikaa naye benchi moja kanisani. Ndiye aliyemshika mkono wakapanda ngazi zile, akamweka mbele ya kaunta akasema, "Huyu ni kama mimi."

"Tangu upotee, simpi shuka hata moja kwa kauli. Akiwa na pesa mkononi, anunue. Aliyeleta mtu ndiye anayebeba jina lake. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Nilimwambia, mlete hapa. Akasema, 'Atakuja mwenyewe. Si mtu wa kuburutwa.'"

Nabalayo akaona sasa. Meza ya Muhonja ikikonda wiki baada ya wiki, naye akidhani ni biashara mbaya ya kila mtu. Muhonja akisogea benchi ya nyuma kanisani, naye akisema moyoni, amenichoka, wacha anichoke. Alijisikia mzito, kama nguo iliyolowa.

"Ukilipa mia tano, Muhonja atangoja mpaka umalize," Nurto alisema. "Ukilipa elfu moja, na uje wewe mwenyewe kila Jumamosi, hata ukiwa huna uje useme huna, nitamfungulia wiki ijayo."

Mia tano ilikuwa imekubaliwa tayari. Ilimwachia unga na dawa ya presha. Angeweza kunyanyuka saa ile, akashukuru, akaenda zake.

"Mia nane," alisema.

"Elfu."

"Mia nane na hamsini. Mimi ni mjane, Mama Abdi."

"Na mimi nimeolewa na nani? Mia tisa. Na ya kwanza niione kesho, kabla ya swala ya Ijumaa."

"Mia tisa."

Wakashikana mikono. Mkono wa Nurto ulikuwa mkavu, wa kushika vitambaa. "Kunywa chai," alisema. "Imepoa, lakini ina sukari."

Nyumbani Nabalayo hakuketi. Kitu cha kuuza kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa dirishani: pazia lake mwenyewe la maua ya zambarau, alilolishona kwa kujipendeza mwaka ule kazi ilipokuwa nzuri. Akalishusha, akalipiga pasi, akalikunja. Chumba kikabaki wazi kama jicho. Akatembea mpaka geti la Fedha.

Muhonja alikuwa akikunja mashuka manne yaliyobaki, kuyakunja upya tu, maana hakuna aliyeyakunjua.

"Nimetoka Eastleigh," Nabalayo alisema.

"Eeh."

"Wiki ijayo uende. Atakupa."

Muhonja aliendelea kukunja.

"Ungeniambia, dada."

"Ningekuambia nini? Njia ya Eastleigh ulikuwa unaijua."

Nabalayo alisogeza shuka moja pembeni. Akaweka lile furushi mezani. "Niuzie hili. Usishushe chini ya mia tisa."

Muhonja alilifungua, akapitisha kidole kwenye pindo. "Hili ni la dirisha lako."

"Eeh."

"Umekula?"

"Nimekunywa chai."

Muhonja akaguna. Akachukua vibanio, akalitundika lile pazia kwenye kamba mbele ya meza, likafunika pengo palipokuwa pakikaa mashuka. Upepo wa saa kumi ukalijaza. Watu waliotoka kazini wakapita, wengine bila kutazama. Kisha mwanamke mmoja mwenye mfuko wa sukuma wiki akasimama, akashika kona ya kitambaa.

"Hii ni ngapi?"

Wale wawili wakaangaliana, kila mmoja akingoja mwenzake ataje.