Mrushaji Asiyesemeshwa

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa Walt Dombek kilipinda tangu ujanani, na aliyekipinda ni Lyle Pruett. Haukuwa ugomvi. Walt alikuwa mdakaji na Lyle mrushaji, katika ligi ndogo ya besiboli kule Batavia, na jioni moja ya manyunyu mpira wa Lyle uliteleza ukamkuta Walt mkono wazi. Wakamfunga kijiti cha aiskrimu na plasta, akarudi kuchuchumaa nyuma ya kibao. Tangu hapo ishara zake zote, za kumwambia mrushaji arushe mpira gani, alizitoa kwa kidole kilichotazama pembeni, na Lyle, kule juu ya kichuguu cha warushaji, alikuwa hakioni asicheke.

Siku hizo walikuwa na gari moja kati yao, Rambler kuukuu lisilo na joto ndani, walilolipa jina la Bibi Harusi kwa sababu lilikuwa haliendi mpaka lisukumwe na kubembelezwa. Mechi zikiisha Jumamosi walilisukuma, wakaliwasha, wakaenda Buffalo kwa mama yake Walt, ambaye aliwakaangia pierogi, vile vimkate vya Kipolandi vyenye viazi ndani, kwa siagi na vitunguu na kumwita Lyle "mwanangu mkulima", kwa kuwa alitoka Arkansas na hakuwahi kuona theluji. Walilala chumba kimoja, miguu ikitokeza nje ya vitanda, wakipanga namna watakavyokuwa matajiri. Walt alivikumbuka vitanda vile mpaka leo, akiwa na mvi na tumbo.

Utajiri ulimpata mmoja. Lyle alipanda ligi kubwa akakaa huko miaka kumi na minane, na Walt, ambaye magoti yalimsaliti mapema, akaingia ukocha kwa mlango wa nyuma. Mungu si Athumani, wakakutana tena mwishoni: Walt akawa kocha mkuu wa Korongo wa Buffalo, na Lyle akaja kumalizia mkono wake hapo hapo, ana miaka thelathini na tisa, vijana wa timu wakimwita babu.

Sasa ilikuwa Jumapili ya mwisho ya msimu, na Korongo walikuwa hawana tena wanalolifukuzia. Asubuhi Walt aliitwa ofisini kwa Preston Haske, meneja wa klabu, kijana mwembamba mwenye adabu aliyekuwa akila tufaha kwa kisu.

"Kocha Dombek, karibu kiti. Ni habari ya Pruett."

Walt alijua kabla hajakaa. Mkataba wa Lyle ulikuwa na kifungu kimoja kitamu: akirusha zamu mia moja na sabini msimu huu, kila zamu ikiwa ni kuwatoa wapigaji watatu, mwaka wa pili unajifunga wenyewe, mshahara mzima, tajiri apende asipende. Asipofikisha, wanapeana mikono na kuagana. Lyle alikuwa amebakiza zamu saba, na mechi ilikuwa hii moja.

"Mfuko wetu wa mishahara unaujua," alisema Preston. "Ni wa mwisho katika ligi, au karibu. Kwa hela ya Pruett ninawapata vijana wawili wenye mikono mizima. Mwenzako mipira yake ilikuwa inapigwa ovyo mpaka Julai, nawe ulikuwepo."

"Tangu Agosti hapigwi."

"Agosti haichezi mwakani. Aanze leo, watu wamekata tiketi waje kumuaga. Zamu tano, hata sita. Halafu unamtoa apigiwe makofi. Amechoka, mzee wa watu. Nani atauliza?"

Ubaya wa maneno yale ni kwamba hayakuwa ya kijinga. Kama Lyle angekuwa mtu mwingine, Walt angekubali kwa roho nyeupe.

"Na mkataba wako pia uko mezani," akamalizia Preston, taratibu, kama mtu anayekumbusha mwavuli.

Walt alishuka chini akiwa na nia ya kumwambia Lyle kabla ya mechi. Nia anayo kila mtu. Alimkuta chumba cha kuvalia, anajipaka dawa ya kuchua begani, harufu ya mnanaa imetapakaa, anapiga mluzi.

"Vipi, Kidole? Sura gani hiyo, kama umemeza funguo?"

"Sijalala vizuri."

"Uzee huo. Mimi nimelala kama mtoto." Lyle akavaa fulana. "Unajua nilichokuwa nakiota? Februari."

Watu wa besiboli hawaanzi mwaka Januari. Mwaka wao unaanza ile siku ya Februari ambayo warushaji na wadakaji wanatangulia kuripoti kambini Florida, kabla ya wengine wote, nyasi mbichi, glavu zinanuka mafuta, na kila mtu duniani bado hajafungwa hata mechi moja. Mwezi Agosti Lyle alimwambia Walt, wakiwa wamekaa ngazini na bia zao, kwamba fedha anayo ya kumzika na salio. Alichokitaka ni Februari moja tena tu. Mkono wake ukimkataa baada ya hapo, ataenda Arkansas kufuga samaki, wala hatanung'unika.

Walt akafungua kinywa amwambie. Akasema, "Rusha chini chini leo, upepo wa ziwani unabeba." Kisha akatoka, akijichukia.

Alijipangia basi kwamba atamwambia baada ya zamu ya tano. Atamkalia karibu kwenye benchi, atamwambia bega linaonekana zito, basi, imekwisha. Aliyapanga hayo yote bila kumshirikisha Lyle, na Lyle alikuwa na yake.

Kwa maana Lyle alirusha siku ile kama amekopeshwa mkono na mtu. Zamu ya kwanza aliwatoa wapigaji watatu, ya pili watatu, ya tatu watatu. Hakuwa na kasi tena. Aliuweka mpira kwenye pembe za kibao, mmoja juu, mmoja chini, na wapigaji wa Milwaukee wakawa wanazungusha magongo wakikata hewa. Ya nne vivyo hivyo. Ilipokwisha ya tano, hakuna mpigaji hata mmoja aliyekuwa amepata pigo la kumfikisha kituo cha kwanza.

Na hapo mwiko ukaingia kazini.

Mwiko huu hakuna aliyeuandika na hakuna anayeuvunja. Mrushaji akifika kati ya mchezo bila kupigwa, hasemeshwi. Hakaliwi karibu. Jambo lenyewe halitajwi, hata kwa fumbo, maana likitajwa tu linakufa. Benchi la Korongo likagawanyika lenyewe: Lyle upande mmoja peke yake, koti limefunika mkono wa kurushia, na wanaume ishirini wamebanana upande wa pili kama abiria wa lifti. Mgeni mmoja aliyepandishwa kutoka ligi ndogo wiki ile akaenda kuchota maji karibu na Lyle na kuanza, "Babu, leo una—" Nelson Quiroz, mdakaji, akamvuta kwa mkanda wa suruali hadi chini ya ngazi.

"Una wazimu wewe? Mama yako hakukufunza?"

"Nilitaka kumsalimia tu!"

"Kamsalimie mkeo!"

Simu ya ukutani ikalia. Kazi yake ni kuwaita warushaji wa akiba, lakini ofisi nayo ilikuwa na namba. Walt akapokea.

"Zamu tano zimetimia," ilisema sauti ya Preston.

"Naona."

"Basi mwambie."

Walt akamtazama Lyle kule mwisho wa benchi, anachambua mbegu za alizeti na kutema maganda, uso haujui neno. Likamjia jibu ambalo hakulitafuta.

"Siwezi kumsemesha."

"Kwa nini huwezi?"

"Bwana Haske, umezaliwa hapa hapa kwetu. Angalia ubao wa matokeo. Angalia safu ya mapigo yao, halafu uniambie kama mimi naweza kumsemesha yule mtu."

Walt alimsikia akivuta pumzi.

"Ina maana hajap—"

"Usilitaje!"

Na Preston Haske, msomi, mwenye kisu cha tufaha, akanyamaza. Alikuwa na glavu yake tangu ana miaka sita, naye. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Sawa. Sawa. Lakini akipigwa tu, Dombek. Pigo la kwanza, unakwenda, unamtoa. Nitakuwa natazama."

"Akipigwa," alisema Walt, akaweka simu.

Zamu ya sita ikapita. Uwanja sasa ulikuwa umesimama, watu na kofia zao za buluu, soseji zinapoa mikononi. Zamu ya saba Lyle akamtoa wa kwanza kwa mpira uliogonga glavu ya Quiroz kama mlango uliofungwa, na wa pili akapiga juu, ukadakwa. Alibaki mmoja. Mtu mmoja tu, na Februari ilikuwa yake.

Huyo wa tatu hakupiga vizuri. Mpira ulilia kwenye shingo ya gongo, ukaruka kivivu juu ya vichwa vya wazuiaji, ukadondokea nyasini mahali pasipo na mtu, na mpigaji akasimama salama kituo cha kwanza. Uwanja mzima ukaguna mara moja. Halafu wakapiga makofi, ya kumpa pole.

Simu ikalia kabla makofi hayajaisha. Walt hakuigusa. Alipanda ngazi, akavuka mstari mweupe bila kuukanyaga, akaanza kwenda kichuguuni. Wote walijua sheria: kocha akifika kule akainua mkono kuelekea kwa warushaji wa akiba, imekwisha, mrushaji anamwekea mpira kiganjani na kushuka. Asipouinua, ni mazungumzo tu. Magoti yalimuuma kila hatua. Alikuwa bado hajui atafanya nini, na hilo lilimtia aibu kuliko yote.

Quiroz alikuwa keshafika. Lyle alikuwa anausugua mpira kwa viganja vyote viwili.

"Sasa tunaweza kuongea," alisema Lyle. "Umekuja kunitoa?"

Walt akautazama mpira.

"Najua habari yote, Kidole. Wakala wangu alinipigia Jumanne. Kila klabu inafanya hivyo, si dhambi."

"Jumanne! Na leo asubuhi unanipigia mluzi?"

"Nilikuwa nangoja uniambie. Ukanipa habari ya upepo wa ziwani." Lyle akacheka, lakini macho hayakucheka. "Ungeniambia, Walt. Ningerusha hivi hivi. Wewe ndiye ungepata usingizi."

"Niliogopa."

"Najua. Umeogopa tangu Batavia. Uliogopa hata kumwomba mama yako nyongeza ya pierogi, ukawa unanituma mimi."

Quiroz akageuza uso akatazama bendera. Mwamuzi alianza kuja kuwaharakisha.

"Usipoinua mkono watakufukuza," alisema Lyle, chini chini. "Nitoe tu. Sitakuwekea kinyongo. Ninasema kweli."

Na alisema kweli, Walt aliliona hilo usoni mwake, na hapo ndipo uoga ulipomtoka. Akaona vile vitanda viwili na miguu imetokeza nje.

"Kwani nilizaliwa kocha?" alisema. "Mkono umebakiza nini?"

"Cha haraka hakuna. Kimekwisha zamu ya tano."

Walt akaipa ofisi mgongo. Akauweka mkono wa kulia juu ya tumbo, karibu na kifungo cha mkanda, mahali ambapo ni Lyle tu aliweza kuuona, akashusha kidole kilichopinda na kukitikisa mara mbili. Ilikuwa ishara ya zamani, ya ule mpira wa polepole kupita yote, unaopanda, unaowaza, kisha unaanguka. Sisi tungeuita kawia ufike. Lyle hakuwa ameurusha katika ligi kubwa hata siku moja, kwa sababu hakuna mdakaji aliyemwamini nao.

Lyle akakitazama kidole, akaangua kicheko mpaka akajifunika mdomo kwa glavu.

"Utatuua wote wawili, wewe mtu."

"Urushe," alisema Walt, akamwambia na Quiroz mahali mpira utakapofikia. Akageuka akarudi kibandani kwenye benchi, mikono yote miwili mfukoni.

Mpira ulitoka mkononi mwa Lyle kama umesahauliwa. Mpigaji aliyefuata wa Milwaukee alianza kuzungusha gongo, akasita, akaona aibu kusita, akazungusha tena kwa hasira, gongo likaugusa kwa chini, na mpira ukapanda wima juu ya kibao, juu sana. Quiroz akavua kinyago, akautafuta angani, akazunguka, akaukuta. Akaudaka kwa mikono miwili.

Zamu mia moja na sabini.

Wachezaji wakamvamia Lyle mlangoni mwa kibanda, sasa wakiwa na ruhusa, kila mmoja na neno lake, babu huyu, babu yule, wakimpiga makofi mgongoni. Simu ilikuwa inalia ukutani. Ililia, ikakatika, ikaanza upya, na hakuna asiyejua inamlilia nani. Walt alikuwa amekaa mwisho wa benchi, pale pale Lyle alipokuwa amekaa. Wanaume wakamtazama, wakatazama simu, wakasogea. Hawakuwa wabaya. Mmoja alijifanya anafunga kamba za viatu, mwingine akaenda kuchagua gongo. Kidogo kidogo benchi likagawanyika tena, na safari hii aliyebaki peke yake, asiyesemeshwa, alikuwa Walt.

Lyle akajipenyeza kati yao, koti begani. Akalipita lile kundi, akaipita simu, akaja akaketi ubavuni mwa Walt, bega kwa bega, akammiminia mbegu za alizeti kiganjani.

"Hivi," alisema, "yule Bibi Harusi tulimwacha wapi?"

"Uani kwa mama." Walt akatafuna mbegu moja. "Alifugia kuku ndani yake mpaka majirani wakamshtaki."

"Kuku! Na sisi tulikuwa tunatetemeka humo kwa baridi!"

Walt akasogea kidogo, mwenzake akae vizuri, na simu ikaendelea kulia.