Kocha Pruitt na Mche wa Pekani

Tegueni hiki, wajukuu zangu: nina debe langu, ulipige kwa mwiko, ulipige kwa rungu, ulidonoe kwa ukucha, hutoa sauti ile ile. Kengele ya kanisa? Siyo. Kasuku? Kasuku angalau hujifunza neno jipya. Mmeshindwa, nipeni mji. Au msinipe, mji ninao wangu, Tallow Springs, hapa Georgia, na debe lenyewe ni Kocha Thurman Pruitt wa timu ya chuo chetu.

Sauti yake ilikuwa hii: "Tutaangalia mkanda kwanza," yaani video ya mchezo. Kila Alhamisi jioni redio ilitangaza kutoka mgahawa wa Cleotha, kocha kaketi mbele ya sahani ya mbavu za nguruwe, watu wanapiga simu kumuuliza maswali. Mbona tumefungwa? Tutaangalia mkanda. Goti la yule kijana limepona? Tutaangalia mkanda. Siku moja Cleotha alimuuliza kama amwongezee mchuzi, akajibu hivyo hivyo, masikini, wala hakujisikia.

Alipokuja hakuwa hivi. Alikuwa akirusha kofia juu kama mtoto, na sisi tukipaka mashavu rangi ya timu. Baadaye watu walikuwa wakienda kwenye magari yao wakati wa mapumziko kula kuku wa kukaanga, ndiyo basi, hawarudi. Bendi ilishangiliwa kuliko wachezaji. Nasi akina bibi wa kanisani, tunaokaa nyuma ya benchi lake, tulijua atakachoamuru kabla hajafumbua mdomo. Katika mpira wetu wa Kimarekani, unaobebwa mikononi, timu hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi kumi. La nne likifika, hata ikibaki nusu hatua, Pruitt alikuwa haendi mbele. Aliamuru mpira upigwe mbali kwa mguu, wauchukue wenzetu. Basi shoga yangu Odessa husimama na kupaza sauti: "Pigeni, wanangu, tukale!" Safari moja wapinzani walimsikia, wakarudi nyuma kuudaka. Tukamgombeza.

"Kwani nimetoa siri gani?" akasema. "Hata mbwa wangu anajua."

Wakubwa wa chuo walishaanza kunong'ona wamfukuze. Aliyeumia ni mkewe, Verna. Wake wa makocha hawapandi miti, maana hawajui watakuwa wapi mwakani. Verna alikuwa na mche wa pekani, mti wa njugu, kwenye ndoo barazani, umekua mpaka mizizi ikatoboa ndoo. Kila akimuuliza mumewe aupande wapi, mnajua alichojibiwa.

Alhamisi moja simu ikalia mgahawani. "Kocha, hapa ni Verna, wa Mtaa wa Magnolia."

Pruitt akaisogelea maikrofoni.

"Verna! Si uko nyumbani?"

"Nyumbani hunijibu. Nimeona nije redioni kama wenzangu. Mti huu niupande au nisiupande? Kama tunabaki, sema. Kama tunaondoka, tuondoke kwa miguu yetu, mume wangu, tusingoje kusukumwa."

Pruitt akapangusa vidole. "Tuta..."

"Tutaangalia mkanda!" mgahawa mzima ukammalizia. Tulicheka mpaka Odessa akajimwagia chai ya barafu. Pruitt hakucheka. Akachukua kofia yake akatoka, mbavu hazijakwisha.

Jumamosi, dakika za mwisho, tumepitwa pointi chache. Jaribio la nne, katikati ya uwanja, imebaki nusu hatua. Odessa akainuka, kifua kimejaa pumzi.

Pruitt akageuka. "Bi Odessa, kaa chini, mama. Leo hatupigi."

"Yesu wangu," Odessa akasema, akakaa.

Vijana wakauingiza mpira kati kwa kati, wakaangushwa. Wamepungukiwa kiganja kimoja tu! Tukafungwa. Lakini hakuna aliyekwenda kula kuku. Uwanja wote ulisimama ukipiga makofi, na Pruitt akairusha kofia yake juu, anacheka mpaka machozi, wachezaji wakimtazama kama mgeni.

Verna alikuwa ameshuka hadi kwenye uzio, mbele yetu kabisa.

"Haya, baba. Utaangalia mkanda?"

"Siuhitaji." Alifuta macho kwa mkono wa shati. "Nilisahau kucheka humu uwanjani, Verna. Nataka kuacha kazi hii nikiwa hivi hivi, kabla sijasahau tena."

"Sasa mti?"

"Upande," akasema. "Kwa mama yako, kule Valdosta."