Samaki Waliomwelekea Mpima Ardhi

Ijumaa ya pili ya Kwaresima, saa sita na nusu mchana, mkaza mwana alitoa samaki sita kwenye oveni. Alikuwa amewaoka kwa ndimu, kitunguu saumu na mafuta kidogo, dakika ishirini, si zaidi. Aliwapanga kwenye sinia vichwa vikitazama dirishani, akafuta ukingo kwa kitambaa, akalipeleka mezani. Alipoliweka, samaki waligeuka. Hawakuruka wala kutapatapa. Waligeuka polepole, kama watu waliokaa foleni wakasikia jina likiitwa, mpaka vichwa vyote sita vikamwelekea baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa mpima ardhi mstaafu. Alivaa miwani akawatazama, nao wakamtazama. Alisema sinia limewekwa upogo. Wifi akalinyoosha, samaki wakageuka tena, na chakula kikaliwa. Hakuna aliyeongeza neno isipokuwa mama mkwe, ambaye alionja dengu, akaonja tena, kisha akauliza zimepikwa na nini.

"Na vitunguu, mama, na supu ya maganda ya kamba wa baharini."

"Maganda," mama mkwe alirudia, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa kitambulisho chenye picha ya mtu mwingine.

Hapo ndipo shuku ilipoingia ndani ya nyumba ile, ikavua viatu, ikakaa.

Nyumba hiyo ilikuwa na friza kwenye ujia kati ya jiko na sebule. Kila Jumatano ya Majivu mama mkwe aliifunga kwa utepe wa zambarau aliokata kwenye pazia la zamani, akaupiga mafundo manane. Ndani mlikuwa na nyama ya Pasaka, na kwa siku arobaini hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mwaka uliotangulia mguu mzima wa mbuzi ulipotea. Dada wa kazi, aliyekuwa amepika katika nyumba ile miaka saba, aliambiwa afungue begi lake getini. Ndani yake mlikuwa na magauni mawili, chanuo, na picha ya mama yake. Nyama haikuwemo, na hilo likachukuliwa kuwa ushahidi kwamba ameshaila. Aliondoka siku hiyo hiyo. Mkaza mwana, ambaye wakati huo alikuwa na miezi mitatu tu ya ndoa, alikuwa amesimama mlangoni. Alimshikia mlango, akanyamaza. Kesho yake alikabidhiwa jiko.

Sasa, siku moja baada ya samaki kugeuka, mama mkwe alikagua friza akakuta mbavu zimepungua.

Kufikia Jumapili kila mtu alikuwa ananusa. Wifi, aliyekuwa karani wa posta na mzoefu wa kupima bahasha kwa mkono, alipompa mkaza mwana mkono wa salamu aliushikilia kidogo zaidi ya kawaida, kisha akapitisha kiganja chake puani kana kwamba anajikuna. Mama mkwe alianza kutembea na kijiko chake mfukoni. Hata mume alitafuna dengu taratibu, kama anayetafuta kijiwe, na mkewe alipomtazama akasema ni tamu mno, ndiyo maana.

"Mno kivipi?"

"Mno tu," mume alisema, akainamia sahani.

Mkaza mwana alimwita mama mkwe jikoni, akampikia mbele ya macho yake. Alikaanga vichwa na maganda ya kamba kwa mafuta mpaka vikawa vyekundu, akavipondaponda kwa mwiko, akatia maji, akaacha vichemke robo saa, akachuja. Ndani ya supu hiyo akapika dengu kwa vitunguu vilivyokaangwa vikawa vya kahawia. Mama mkwe alitazama mwanzo hadi mwisho bila kupepesa. Alinusa chujio, akaonja, akaonja tena, akamaliza bakuli. Kisha akasema nyama inaweza kuingia kwa njia nyingi.

Ijumaa ya tatu baba mkwe alikuja mezani na vyombo vya kazi. Aliweka pimamaji juu ya meza kwa urefu, halafu kwa upana, na kiputo kikatulia katikati. Meza ilikuwa sawa. Samaki walipowekwa walimgeukia kama kawaida. Alitoa dira, akasoma uelekeo wa kila samaki, akaandika kwenye karatasi yenye miraba, akachora mistari sita kwa rula. Mistari ilikutana mahali pamoja, kwenye kifungo cha pili cha shati lake. Alirudia vipimo, kwa sababu hakuwahi kutia sahihi ramani bila kurudia, na mistari ikakutana palepale.

"Kiti hiki," alisema, "kiko mahali pasipofaa."

Alibadilishana kiti na wifi. Samaki walimfuata huko alikokwenda, wakipunguza kasi pale kwenye chupa ya maji ili wasiiangushe.

Ijumaa ya nne mkaza mwana aliagizwa asipike chochote chenye kichwa. Alipika minofu ya samaki kwa nyanya na majani ya giligilani, nayo ikatulia kimya kwenye mchuzi wake. Lakini pembeni kulikuwa na wali wa kamba, na kamba hao, waliokuwa wamekatwa vichwa na kumenywa maganda lakini wakaachiwa mikia, waliinyoosha yote upande mmoja. Wifi alisema alijua tu. Ijumaa ya tano hakukuwa na cha baharini kabisa. Kulikuwa na bilinganya za kuoka, uyoga, mchicha, na mayai ya kukaanga mawili kwa kila mtu. Viini viliteleza taratibu ndani ya ute mweupe, vikasimama ukingoni, jozi kwa jozi, vikimtazama baba mkwe kutoka sahani zote tano. Vya sahani yake mwenyewe vilimtazama kutoka chini.

"Mayai hayajifundishi yenyewe," wifi alisema.

Baba mkwe alisema anashukuru kwamba hatimaye kuna mtu amelitamka. Alikula mayai yake kwa kuanzia kwenye viini.

Kikao kilifanyika Jumapili ya Matawi, mkaza mwana akiwa jikoni anaosha vyombo. Mume alimletea maamuzi akiwa ameshika kitambaa cha kukaushia, ingawa hakukausha hata kikombe kimoja. Ijumaa Kuu, mbele ya wote, mkewe atamwomba baba radhi kwa ajili ya nyama iliyopotea na kwa ajili ya tabia ya chakula. Akikataa, ataondoka.

"Na wewe?" mkewe aliuliza.

"Mimi ni wa hapa," mume alisema.

Wifi alikuwa ameshalishusha begi la mkaza mwana kutoka juu ya kabati. Alilifuta vumbi, akaliweka pale pale mlangoni.

Alhamisi mkaza mwana alikuwa anafagia ujia alipoinua macho kwenye utepe wa friza. Mafundo manane ya mama mkwe yalikuwa madogo, yamebanana kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye haraka. Sasa lilikuwepo fundo moja tu, la kitanzi kinachojikaza chenyewe kadiri unavyokivuta. Karibu na friza kulikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia timazi ya baba mkwe, ile ncha ya shaba aliyoitumia miaka yote kujua kipi kimesimama wima. Uzi wake ulikuwa umefungwa kwa fundo lilelile. Mkaza mwana aliegemeza ufagio ukutani, akamwita mama mkwe.

"Mama, fundo hili si lako."

Mama mkwe hakuinama kulitazama. "Si langu."

"Ni la timazi."

"Nalijua, mwanangu. Nimeolewa nalo miaka thelathini na nane."

Mkaza mwana aliuliza kama mwaka jana pia lilikuwa hilo. Mama mkwe alifikiri, kwa kuwa hakupenda kusema asilo na hakika nalo, akajibu kwamba mwaka jana lilikuwa limekazwa zaidi.

"Na mkampekua dada wa watu."

"Ulitaka nimpekue nani?"

Aliuliza bila ukali, kama anayetaka kweli kusaidiwa jibu. Mkaza mwana akasema basi yule dada apigiwe simu, arudi, aambiwe. Mama mkwe alisema wameshazoea kukaa bila yeye. Kisha akafungua fundo, akapiga yake manane, akavuta utepe kuona kama umekaza. Alimwambia mkwewe kwamba radhi ni neno fupi, halivunji jino, alitamke watu wale kwa amani. Aliokota ufagio akamrudishia mkononi.

Ijumaa Kuu mkaza mwana alioka samaki mmoja mkubwa wa kuwatosha wote, akamlaza juu ya viazi na ndimu, kichwa kikimtazama yeye mwenyewe. Sinia lilipogusa meza samaki alianza kuzunguka. Kwa kuwa alikuwa mzito alichukua muda, na viazi viwili vilidondoka. Wote walingoja amalize. Wifi alichukua jani la saladi akamfunika macho, mume akaokota viazi, na baba mkwe, aliyekuwa na kipande kidogo cha uzi wa zambarau kwenye mkono wa sweta, akasema yeye ameshamsamehe huyu binti tangu jana, kilichobaki ni kuombwa tu.

Walikula. Dengu ziliisha kabla ya samaki, na mama mkwe aliupangusa ukingo wa bakuli kwa kipande cha mkate. Baba mkwe aliomba sehemu ya mkiani, akapewa. Chakula kilipokwisha ulibaki mgongo wenye miiba na kichwa chini ya jani, kikiwa bado kimemwelekea.

"Haya, mwanangu," mama mkwe alisema. "Tunakusubiri."

Mkaza mwana alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiti chake.

"Msinisubiri. Ninayepaswa kumwomba radhi mlimpekua pale getini, na mimi nikashika mlango nikanyamaza. Huyo nitamtafuta. Nyinyi siwaombi."