Vyumba vya Guerrino Mazzoli

Ermete Vezzani hakuwa na mtoto. Hakuwa na dirisha linalotazama uwanja, wala sauti ya kuimba, wala mzabibu hata mche mmoja, wala rafiki wa kumgongea mlango bila suruali ya kupunguzwa mkononi. Zaidi ya yote, hakuwa na kitu ambacho jirani yake angeweza kukitamani. Alikuwa na mke, Argia, na daima alijua yuko wapi.

Jirani huyo alikuwa Guerrino Mazzoli, fundi viatu, kapera. Waliishi katika mji mdogo kando ya mto Po, wakitenganishwa na ukuta mmoja. Kila mmoja alikuwa na jiko na chumba kimoja cha kulala, na kwa hali hiyo Ermete aliweza kupata usingizi.

Halafu vijana wa mashati meusi, wa chama cha mafashisti, wakauchoma ukumbi wa wafanyakazi. Kesho yake nyumba ya Guerrino ilikuwa na chumba cha tatu, nyuma ya kabati la soli. Ndani yake ilisimama meza ya biliadi ya ule ukumbi, na kando yake tanuri la kuni, bado lina joto. Watu walipangusa miguu mlangoni wakaingia kucheza. Meya aliyechaguliwa kwa kura alipoondolewa, akaletwa mwingine kwa amri, kikatokea chumba chenye viti vya madiwani na sanduku la kura. Gazeti la mkoa lilipofungwa, kikatokea kingine, kinanuka wino. Wanawake wa mtaani walisema afadhali, maana pale kwenye tanuri nguo zinakauka upesi.

Ermete aliipima nyumba hiyo kwa nje kwa futi yake ya ushonaji. Haikuzidi ya kwake hata kwa upana wa kidole. Jambo hilo lilimuuma kuliko kama ingezidi.

Kazi yake mwenyewe ilikuwa imechanua. Mji mzima ulihitaji mashati meusi kwa gwaride la Jumamosi, hata mwalimu, hata mwuza jibini, na yeye ndiye aliyeyashona. Alivaa beji ya chama kwenye ukosi wa koti. Watu walimwamkia kwa saluti ya chama, mkono umenyooshwa, vizuri kabisa, kisha wakaenda kucheka upande wa pili wa ukuta.

Mwaka ule kwaya ya mji iliamriwa kuimba nyimbo za chama tu, ikavunjika. Tangu hapo kila Alhamisi jioni Argia alichukua kikapu chake cha kufuma akaenda kwa Guerrino, ambako kilikuwa kimetokea chumba cha kwaya. Alirudi shingo nyekundu, ugali wa mahindi umeshapoa mezani. Ermete alimwuliza wanafanya nini huko. Akajibu kwamba wanaimba, na kwamba sauti ya pili ilikuwa na pengo bila yeye.

Alhamisi moja Ermete akamfuata hadi mlangoni kwa jirani.

"Vyumba vyote hivi," alimwambia Guerrino, "na wewe ni kapera."

"Sikuviomba, Ermete. Wakifunga kitu kule, ukuta wangu unafunguka huku. Pita ndani, hakuna kufuli."

"Siwezi kuingia kwa mtu kama mpangaji."

"Haya, baki hapo nje upunge hewa. Ila mimi serikali inanitoza kodi ya makapera kwa kukosa mke. Wewe wa kwako unamlipia nini, hata hujui anapenda wimbo gani?"

Watu waliokuwa ndani walicheka. Ermete aliitambua sauti ya Argia kati yao. Alirudi nyumbani, akaandika kwa wakuu kwamba fundi viatu Mazzoli ana vyumba asivyovitangaza, na kwamba nyumba kubwa namna hiyo ingemfaa mwanachama mwenye familia.

Maofisa wawili walikuja, wakavua kofia, wakamchukua Guerrino. Alipewa miaka mitano ya uhamisho kwenye kisiwa huko kusini. Nyumba akapewa Ermete. Alibomoa ukuta kwa mikono yake, na upande wa pili akakuta jiko na chumba kimoja cha kulala. Alisogeza kabati la soli. Nyuma yake kulikuwa na plasta na utando wa buibui. Aligonga kuta zote, moja baada ya nyingine, huku Argia akimenya viazi.

Alhamisi iliyofuata Argia alimaliza kuosha vyombo, akasogeza pipa la unga jikoni kwao wenyewe, akafungua mlango uliokuwa nyuma yake, akaingia na kikapu chake. Ermete alisikia mipira ya biliadi ikigongana, kisha kwaya. Alipoufungua yeye mlango huo, alikuta matofali. Akavuta kiti, akakaa hadi mkewe alipotoka.

"Nipeleke," alisema.

"Nimejaribu kuwaambia, Ermete. Wanasema milango hawaiendeshi wao."

"Kuna nini humo?"

"Vilevile. Kimeongezeka kimoja, kidogo, kina kigoda na nyundo."

Ermete akatega sikio. Nyuma ya pipa, mtu alikuwa akigonga soli polepole, kama mtu asiye na haraka.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama viatu vyako vya Jumamosi bado vinakubana."

Ermete alitandika karatasi mezani. Aliwaandikia tena wakuu, kwa mwandiko wake mzuri, wa shule ya jioni, kwamba kwa masikitiko, mwenye vyumba sasa ni Argia Vezzani, mkewe wa ndoa, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kukaribishwa. Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake imekauka.

"Argia," aliita, "umebakiza uji wa unga wa kubandikia?"

Alimletea katika kikombe, bado wa moto, huku akiimba sauti ya pili midomo imefumba. Ermete alipaka uji, akabana bahasha kwa pasi yake ya ushonaji, akavaa kofia, akaenda kuitumbukiza katika sanduku la posta uwanjani.