Hatua Nane Kati ya Lusiola

Nilihesabu mara tatu. Kutoka mti wa kwanza wa lusiola hadi wa pili, hatua nane. Nikatembea hadi kwenye goli la vyuma, nikapima upana wake pia. Nane. Nilirudi nikasimama katikati ya miti ile, jua la Kabuchai likinichoma utosi, nikajuta kuhesabu.

Kwetu lusiola hupandwa mpakani. Ukiona miwili imesimama sambamba huulizi, unajua shamba la mtu limeishia hapo. Ndivyo baba yangu, Absalom, alivyomwambia chifu: miti ilipandwa na marehemu babake, Kizito, kwa hiyo kipande kilicho kati ya miti na mtaro ni chetu, si cha uwanja wa mpira. Kwingine kote shambani kwetu hutuama maji. Baba ni fundi wa cherehani, amepanga chumba Kibomet miaka thelathini na mitano, na kwenye kipande hicho ndipo alipotaka kujenga kabla magoti hayajamkataa. Mimi nafundisha historia. Akaniomba niandike ya uwanja, niisome barazani.

"Andika tu vile iko, Viola," aliniambia. "Ukweli uko upande wetu."

Mtu mwingine angeachia hapo. Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, nikaenda kwa nyanya yangu, Kukhu Jentrix, dada mdogo wa Kizito, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni pake. Nilimwuliza mbona mpaka uwe na upana wa goli.

"Si hiyo ni goli," alisema bila kuinua macho. "Kizito alikata nguzo asubuhi, mbichi hivyo, juu watu wa Kachibora walikuwa wanakuja kucheza saa tisa. Ati zingekauka saa ngapi? Akachimbia tu na maganda yake. Mimi ndio nilishika moja akishindilia mchanga. Mvua ikakuja, zikamea. Zilipotoa matawi wakasongesha goli mbele."

"Na mtaro?"

"Alipeana shamba mpaka huko mtaroni. Alisema mpira ukitoka upate pa kuangukia."

Nilichukia jibu hilo na nililipenda. Baba alikuwa na miaka mitatu Kizito alipozikwa. Hana picha yake hata moja. Alichokuwa nacho ni ile miti, na maana aliyoipa.

Asubuhi ya baraza nilimpa kwanza daftari nililoandikia. Nilimwambia akitaka, nitasema sijamaliza. Alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza, akarudia ukurasa wa pili. Kisha akanirudishia.

"Soma," akasema.

Nilisoma. Nilifika kwenye mtaro, nikaendelea hadi mwisho. Chifu akamwuliza baba kama ana neno. Alisimama, kofia mkononi, lakini hakumtazama chifu. Alimgeukia shangazi yake.

"Senge, siku hiyo baba yangu alicheza namba gani?"

"Golikipa," Kukhu Jentrix alijibu. "Walimfunga nne. Lakini aling'ang'ana, bana. Alirudi nyumbani magoti yote inatoka damu."

Watu walicheka, baba naye akacheka kidogo. Chifu akatangaza kwamba uwanja unafika mtaroni, na hakuna aliyepinga. Baba aliketi kando yangu. Watu walipoanza kuinuka, akaniinamia.

"Hiyo ya magoti, uliandika?"

Nilimwambia sikuwa nimeandika. Alichomoa kalamu mfukoni mwa shati lake, akanipa.