Kidole cha Mama Jacinta

Kompyuta siiogopi. Ninayemwogopa ni Mama Jacinta wa Sondu, mama mzazi wa Apiyo wangu. Nilikuwa nasubiri atamke "ayie", yaani nakubali, ndipo mambo ya ndoa yaanze. Na kwetu Wajaluo, mkwe hamkosoi mama mkwe. Hata kumpa mkono hampi.

Jumamosi hiyo kanisa letu la Mamboleo liliwaalika kina mama wa Sondu kwa mashindano ya maswali ya Biblia. Mtambo ulikuwa wangu: ukurasa wa kivinjari, kibodi mbili, projekta ukutani. Swali likiisha kusomwa, anayebonyeza kwanza ndiye anajibu.

Sondu wakawa wa kwanza kila mara. Kila mara!

"Enos, unatafuta bibi na computer ya kanisa?" mzee mmoja akaniuliza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikachungulia. Mama Jacinta alikuwa amekandamiza kitufe tangu swali lilipoanza, na wala hakiachii. Kitufe kikishikiliwa, kivinjari huripoti kubonyezwa tena na tena bila kuchoka, na programu yangu jinga ilipokea kila ripoti kama mpya.

Nimwambie ainue kidole, mbele ya kanisa zima? Nani, mimi?

Nikaomba waimbe wimbo mmoja. Kila ripoti huja na alama ya kuonyesha kama ni marudio, kwa hiyo nikaandika mbio mbio: marudio yapuuzwe. Halafu, wazimu ukanipanda, nikaongeza kwamba yakizidi, ukuta wenyewe useme.

Swali lililofuata, ukuta ukasema: MAMA ZETU WA SONDU, TAFADHALI INUENI KIDOLE.

Kanisa likaangua kicheko. Mama Jacinta akainua kidole, akakitazama, asicheke. Sondu wakashindwa. Nami nikajua nimekwisha.

Wakati wa chai akaja mezani kwangu, akamgeukia binti yake kana kwamba mimi sipo.

"Apiyo, uliza huyu kijana yako. Hii computer inaandika pia, ama ni ya kukemea watu tu?"

"Inaandika, Mama," Apiyo akajibu huku akijizuia kucheka.

Nikafungua ukurasa mtupu, nikarudi nyuma, macho chini. Nikasikia kitufe kimoja. Kimya. Kingine. Alikuwa akikiinua kidole juu kabisa baada ya kila herufi, ili kila mtu aone.

Nilipothubutu kutazama ukutani, palikuwa na neno moja: AYIE.

Nilipiga kelele na kurukaruka mbele ya mama mkwe, bila adabu yoyote.